Damu ya Watoto wa Nyuma ya Kiwanda

Watoto wa mtaa wa nyuma ya kiwanda walimpachika jina la Mama Sindano, na jina likamganda. Hata Profesa, mkuu wake wa kazi, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimwita kwa jina lake la kwenye cheti, alifika mahali akawa anasema, "Mwiteni Mama Sindano aje aangalie friza." Mwenyewe hakuchukia. Alikuwa fundi wa maabara ya chuo kikuu, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, asiye na mtoto, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto angeweza kuanza kusimulia habari za paka wao, akamaliza, ndipo agundue kuwa damu imeshatolewa.

Damu hiyo ilikuwa ya utafiti. Kiwanda kilinunua betri chakavu za magari, kikazipasua na kuziyeyusha ili kipate risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani yake. Moshi ulipanda ukitoka kwenye bomba fupi, ukashuka juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya masufuria yaliyofunikwa na yasiyofunikwa. Idara ya afya ya mazingira ilitaka kujua mambo mawili. La kwanza, risasi kiasi gani imeingia kwenye damu ya watoto. La pili, imeacha alama gani kwenye vinasaba vyao, yaani yale maandishi ya urithi ambayo kila chembe ya mwili inayasoma ili ijue kazi yake. Watoto mia moja na arobaini walitolewa damu kwa siku nne katika darasa moja la shule ya msingi, na wote walipita mikononi mwa Mama Sindano.

Wa mia moja na kumi na saba alikuwa mtoto wa mdogo wake.

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Alikuwa na miaka minne na nusu. Alikaa kwenye kiti, miguu ikining'inia, akaangalia damu inavyojaa kichupa.

"Mama mkubwa, damu yangu inakwenda wapi?"

"Chuo kikuu."

"Kusoma?"

"Ndiyo, kusoma."

"Basi iambie isipigane na wenzake."

Wote mle darasani wakacheka. Mama Sindano akabandika karatasi ya namba kwenye kichupa, akaandika namba ile ile kwenye daftari pamoja na jina, kwa maana nje ya daftari hilo hakuna aliyetakiwa kujua damu ni ya nani. Daftari lilikaa kwenye droo yake, na ufunguo wa droo ulikaa shingoni mwake.

Siku kumi na moja baadaye mashine ikasoma kichupa namba mia moja na kumi na saba. Themanini na nane.

Kwa mtoto, hata tano inatosha kuanza kuuliza maswali. Alirudia kupima. Themanini na sita. Akasafisha mashine, akatengeneza upya maji ya kupimia, akarudia mara ya tatu. Themanini na nane. Akakaa kwenye kigoda akiitazama ile namba mpaka kioo kikazima chenyewe. Hakuhitaji daftari. Alikumbuka vizuri nani alikalia kile kiti.

Profesa hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana habari hii ni nzito kuisimulia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.

"Mashine hii haijahakikiwa tangu mwaka jana," alisema. "Dawa za kulinganishia ili tuihakiki ziko njiani. Unakumbuka habari ya maji ya mto?"

Alikumbuka. Miaka sita nyuma Profesa alitangaza sumu kwenye maji ya mto kabla hajahakikisha. Magazeti yakapiga kelele, maabara nyingine ikapima, ikakuta amekosea.

"Mkuu wa chuo alinisimamisha mbele ya watu kama mtoto aliyejikojolea," Profesa alisema. "Sirudii. Nikisema leo, mtaa mzima utalipuka, kiwanda kitaleta mawakili, na tukigundua mashine ndiyo iliyodanganya, hakuna atakayetuamini tena. Hata siku tutakaposema kweli."

"Lakini kipengele cha saba cha mwongozo wa utafiti kinasema mtoto akizidi arobaini na tano apelekwe hospitali mara moja."

"Kinasema matokeo yaliyothibitishwa. Kakisome tena."

Hakuhitaji kukisoma. Alikipiga chapa yeye mwenyewe, na neno hilo lilikuwamo.

"Wiki tatu tu," alisema Profesa kwa upole. "Dawa zikifika, tunapima upya wote, tunawaita wazazi. Vumilia wiki tatu."

Wiki tatu zikawa tano, tano zikawa nane. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini hakwenda tu kwa mdogo wake akamnong'oneza? Alijiuliza hivyo kila asubuhi akiwa anapiga mswaki. Alikuwa ametia sahihi kiapo cha kutunza siri. Kazi hii ndiyo iliyompokea alipokuwa hana mbele wala nyuma. Tena mtaa ule, ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili. Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Lakini hizo zote zilikuwa sababu za mdomoni. Ya moyoni ilikuwa moja. Alitaka mashine iwe imekosea, na alijua kuwa siku atakayolitamka jambo lile, litakuwa kweli.

Akafanya nusu. Jumapili moja alikwenda kwa mdogo wake na pakiti sita za maziwa. Akamkuta anafagia chumba, vumbi limetanda kwenye mwanga wa dirisha, na Chiriku amelala kwenye mkeka saa nne ya asubuhi, amejikunja.

"Anaumwa?"

"Tumbo. Siku hizi tumbo haliishi. Tena amekuwa mzito, unamuuliza kitu mpaka umesahau ulichouliza ndipo akujibu." Mdogo wake alicheka kidogo. "Angalau masikio yanapumzika."

Mama Sindano akaweka maziwa chini. "Usifagie hivi. Piga deki, tumia kitambaa chenye maji. Na mtoto umnawishe mikono kila mara. Na nguo za kazi za shemeji zisiingie ndani, zivuliwe nje."

Mdogo wake akasimama na ufagio mkononi. "Dada, umekuja kunisalimia au kunikagua?"

"Nakuambia kwa wema."

"Wema gani? Wewe unafanya kazi kwenye vigae vyeupe, unavaa koti jeupe, basi sisi wengine ni wachafu? Maji yenyewe nayafuata kwa ndoo, wewe unataka nipige deki mara ngapi?"

"Sijasema wewe mchafu."

"Umesema. Tena umeniletea maziwa kama wa kituo cha yatima."

Wakaachana vibaya. Akiwa anatoka alikutana na shemeji yake mlangoni akirudi kutoka zamu ya usiku. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyefanya kazi kwenye tanuri la kiwanda kwa miaka saba, rangi yake ya kijivu kuanzia viatu mpaka kope. Chiriku aliamka kwa kusikia hatua zake tu. Akaja akiyumba, akamrukia, akamwingizia mkono kwenye mfuko wa shati la kazi, akatoa pipi. Ilikuwa desturi yao, kila zamu pipi moja. Akaifungua kwa meno, akalamba na vidole.

Mama Sindano aliona. Akasema, "Haya, shemeji, tutaonana," akaenda zake.

Dawa za kulinganishia zilifika wiki ya kumi. Walipima upya, wote wawili, yeye na Profesa, milango imefungwa. Mashine haikuwa imekosea. Watoto ishirini na tisa walikuwa wamevuka arobaini na tano. Profesa akasema jambo litangazwe kwa heshima yake: Alhamisi ijayo kuna semina ya idara, awaeleze wenzake kwanza, wamkosoe, Jumamosi yake ufanyike mkutano wa hadhara pale shuleni, mabango yameshachapishwa, wageni wameshaalikwa. Zilikuwa siku chache tu.

Alhamisi ukumbi wa semina ulijaa. Chai ilikuwa kwenye chupa za mlangoni, biskuti kwenye sahani za plastiki, wanafunzi wa shahada ya pili wakipigania viti vya nyuma. Profesa alisimama mbele, na Mama Sindano alikaa pembeni kwenye kompyuta akimbadilishia slaidi. Ya kumi na nne ilikuwa mchoro wa nukta. Kila mtoto nukta moja: kadiri risasi inavyozidi kwenye damu, ndivyo alama za kwenye vinasaba zinavyobadilika. Nukta nyingi zilijazana chini. Moja ilikaa peke yake juu, pembeni, kama mtu aliyekosa usafiri.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Hiyo ya juu si kosa la mashine?"

"Hata sisi tulidhani hivyo," Profesa alisema, sauti yake ikiwa imechangamka. "Tumehakikisha. Ni ya kweli. Na niwaambie, hiyo ni nukta nzuri sana. Bila hiyo, mstari wetu ungelala usingizi."

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha wasomi. Simu ya Mama Sindano ikatetemeka mfukoni mwa koti. Akaitazama kwa chini: mdogo wake, ambaye hawakuwa wamesemeshana kwa majuma kadhaa. Ikakatika. Ikatetemeka tena. Profesa akasema, "Endelea," naye akabonyeza slaidi ya kumi na tano. Simu ikatetemeka mara ya tatu. Zilibaki slaidi kumi na mbili, na alizibadilisha zote, moja baada ya nyingine.

Alipopiga simu kwenye korido, aliyepokea ni shemeji. "Mtoto ana degedege tangu asubuhi," alisema. "Inakata, inarudi. Tuko hospitali. Wanasema labda homa ya uti wa mgongo. Mwenzangu alikuwa anakutafuta wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua mambo ya hospitali."

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na sita na watoto ishirini na wawili. Chiriku alikuwa amelazwa ubavu, kichwa kimerudi nyuma, macho nusu wazi. Daktari, binti mdogo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuwa anajaza karatasi. "Malaria hana," alisema. "Tumeanza dawa ya uti wa mgongo huku tukisubiri vipimo."

"Si uti wa mgongo," Mama Sindano alisema. "Ni risasi. Themanini na nane."

Kalamu ikasimama. "Umejuaje?"

"Nimepima mimi."

"Lini?"

Mdogo wake alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ameshika mguu wa mtoto. Alikuwa anasikia kila neno. Mama Sindano alimtazama daktari, kisha akaona hilo nalo ni kujificha, akageuza uso akamtazama mdogo wake.

"Wiki kumi na moja zilizopita."

Mdogo wake hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama anayehesabu, "Kwa hiyo ile Jumapili ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nipige deki."

"Ndiyo."

"Nikakutukana. Ukaniacha nikutukane, ukaenda zako, na ulikuwa unajua." Akauachia mguu wa mtoto, akauinamia tena, akaushika. "Mtoe huyu mtu hapa," akamwambia mume wake. "Mtoe kabla sijafanya jambo."

Dawa ya kunasa risasi na kuitoa kwa mkojo haikuwapo hospitalini. Iliagizwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa sasa walijua cha kuagiza. Ilichukua siku tisa kufika.

Jumamosi shuleni palipambwa. Bango la mlangoni lilikuwa na mchoro wa mtoto anayenawa mikono huku akicheka, meno yote nje. Wazazi walijaza madawati madogo, magoti yakigusa videvu. Profesa aliongea vizuri, hilo hana mpinzani. Alieleza vumbi, alieleza moshi, alieleza vinasaba kwa mfano wa kitabu kinachochorwachorwa kwa kalamu ya risasi, watu wakatikisa vichwa. "Kwa wastani," alisema, "kiwango cha watoto wetu kiko juu ya kile kinachotakiwa, na utafiti unaendelea."

Mzee mmoja fundi viatu akasimama. "Mimi sina mtoto anayeitwa wastani. Wangu ana ngapi?"

"Majibu ya mtu mmoja mmoja yatatolewa kwa utaratibu, mzee wangu."

"Utaratibu upi?"

Mama Sindano alikuwa nyuma, karibu na meza ya vipeperushi. Asubuhi ile alikuwa amefungua droo. Alinyanyuka, daftari kifuani.

"Ninayo hapa," alisema. "Majina na namba. Ninayo tangu wiki kumi na moja zilizopita. Wa kwanza wao yuko hospitali sasa hivi, ni mtoto wa mdogo wangu."

Mashine ya kiwandani ilisikika ikiguna nyuma ya ukuta.

Profesa akashusha kipaza sauti. "Mama, kaa chini," alisema, uso umempauka. "Tafadhali. Si kwa njia hii."

"Nimekaa vya kutosha, Profesa."

Akaingia darasa la jirani, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akafungua daftari. Hakusoma kwa sauti mbele za watu. Aliwaita mmoja mmoja, mlango ukifungwa, kila mtu na la kwake. Ilimchukua toka saa tano mpaka jua likainama. Baba mmoja alimshukuru, akatoka, akarudi kumuuliza tena namba ile ile kana kwamba ingebadilika. Bibi mmoja alikataa kuketi. Mama mmoja kijana, mchuuzi wa mboga, aliposikia sitini na moja uso wake ulichangamka.

"Kati ya mia?" aliuliza. "Basi amefaulu."

Mama Sindano akamshika mkono, akaanza kumweleza. Aliona lile tabasamu likiondoka kipande kwa kipande, na hakuangalia pembeni.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa shemeji yake. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi. Hakuuliza namba.

"Imeingiaje kwake kuliko wenzake?" aliuliza. "Nyumba yetu siyo ya karibu zaidi na ukuta. Ziko nne mbele yetu."

"Vumbi la tanuri linakaa kwenye nguo, shemeji. Linakaa kwenye nywele, kwenye mikono. Ukirudi nalo nyumbani, mtoto analila."

"Analila."

"Ndiyo."

Alikaa akitazama ubao. "Na mfukoni?"

Angeweza kumdanganya. Neno lilikuwa karibu kabisa, dogo, lisilo na gharama. "Na mfukoni," alisema.

"Kila zamu moja," shemeji alisema. "Siku ya mshahara mbili." Akanyanyuka, akakirudisha kiti mahali pake kwa uangalifu kama mgeni, akatoka.

Jumatatu Mama Sindano alipewa barua. Ilisema amevunja kiapo cha siri na kuharibu utaratibu wa utafiti, asimamishwe kazi mpaka kamati itakapokaa. Kamati ilikaa miezi miwili baadaye, ikamwondoa. Profesa alibaki, siku ya kamati alimtetea kwa sauti ya chini, wakati wa kupiga kura akanyoosha mkono pamoja na wengine. Kiwanda kilifungwa mwezi mmoja. Kisha matanuri yakapakiwa kwenye malori, yakahamishiwa nyuma ya mtaa mwingine, kule ambako hakuna aliyepima mtu. Shemeji hakuyafuata. Alipata kibarua cha kupakia mchanga.

Wazazi ishirini na wanane walipeleka watoto hospitali wiki ile ile ya mkutano. Wengi walipona, au walionekana kupona. Mtoto wa mchuuzi wa mboga alikufa siku mbili kabla ya dawa kufika. Mama Sindano alikwenda msibani akakaa nje mlangoni. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemsogezea kiti.

Chiriku alitoka hospitali siku ya thelathini na tatu. Alitembea akiburuta mguu wa kushoto. Hakusema. Alikuwa akimtazama mtu usoni kwa muda mrefu, midomo ikijikusanya kama anayetaka kupuliza, kisha inalegea.

Mwezi wa nne tangu mkutano ule, asubuhi moja, mdogo wake alibisha mlango. Hakuingia. Alikuwa amekonda, na mbeleko imening'inia begani.

"Sijakusamehe," alisema kabla ya salamu. "Nianze na hilo, usije ukadhani."

"Sidhani."

"Kliniki ni leo. Wale madaktari wanaongea maneno laini laini, wananiita mama, mama, nikitoka nje sijashika hata moja. Mume wangu ndiyo kabisa, akikaa mbele yao analia. Nataka mtu wa kuniambia wanasema nini. Chote. Hicho ulichoshindwa kukifanya mwanzo, uje ukifanye sasa."

Mama Sindano alivaa viatu.

Kliniki daktari alikuwa yule yule binti. Alimpima Chiriku magoti, alimpa kikaragosi akishike, alimwita kwa jina mara tatu. Kisha akasema kwamba maendeleo yapo, kwamba kila mtoto ana mwendo wake, kwamba ubongo wa mtoto una maajabu, na wao wataendelea kumfuatilia. Mama Sindano akamuuliza maswali mawili matatu kwa lugha ya kitabibu, akasoma na karatasi ya majibu.

Kwenye korido, mdogo wake alimgeukia. "Haya. Amesema nini?"

"Amesema risasi imeshuka hadi thelathini na nne. Bado ni nyingi. Dawa inatoa iliyobaki, haitengenezi kilichokwisha kuharibika. Mguu unaweza ukapata nguvu. Kusema, hajui. Huenda akarudisha maneno machache, huenda asirudishe. Shule ya kawaida usiitegemee."

Watu walipita katikati yao na faili zao. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, macho makavu, akitikisa kichwa kidogo kwa kila sentensi kama anayepokea mizigo kutoka juu ya gari.

"Na sisi tukipata mwingine?" aliuliza. "Huyo atakuwa salama?"

"Risasi iko kwenye mifupa yako pia. Ukibeba mimba inatoka, inakwenda kwa mtoto. Upimwe kwanza. Wewe na shemeji."

"Mwezi ujao ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Uje."

Akainama, akamweka Chiriku mgongoni, akafunga mbeleko mafundo mawili. Mtoto alikuwa ameshakuwa mkubwa mno kubebwa. Miguu ilimning'inia mpaka magotini mwa mama yake. Mama Sindano akaokota faili lililobaki kwenye benchi, akawafuata nyuma kuelekea dirisha la dawa, ambako foleni ilikuwa ndefu na haijaanza kusogea.